Panya Hashoni Gunia

Paka wa tatu alipohama, Mzee Kimeli aliitisha mkutano. Paka wa kwanza alikufa kwa kula panya aliyekula sumu. Wa pili aliingia ghalani asubuhi moja akatoka mbio, mkia umefura kama brashi ya kusugulia chupa, na tangu siku hiyo akawa analala chini ya kitanda akijifanya mgonjwa. Huyu wa tatu, aliyeletwa kutoka Keringet ndani ya kikapu, alikaa wiki moja. Akawatazama panya wa pale, panya wakamtazama, naye akaamua kwamba Keringet si mbali sana kwa miguu.

Ghala lenyewe lilikuwa la mabati, refu, lililobaki tangu enzi za kilimo cha pareto, na lilisimama kwenye boma la Kimeli nje kidogo ya Olenguruone. Nyumba nne zilihifadhi mahindi humo: ya Kimeli, ya Kimaiyo, mwenyekiti wa kikundi chao, ya Jebet mjane, na ya Ephantus na mkewe Edinah. Ufunguo ulikaa kwa Kimeli. Alikuwa amestaafu kazi ya kulinda mabomba ya mvuke wa kuzalisha umeme kule Olkaria, na kikundi kilipotafuta mtu wa kushika ufunguo hakuna aliyebisha. Mtu aliyelinda mvuke miaka ishirini na sita bila hata kijiko kimoja kupotea, atashindwa na mahindi? Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, hata akioga. Siku pekee ya kuuvua ilikuwa Alhamisi, kila baada ya wiki mbili, alipokwenda kupimwa presha. Siku hizo alimwachia mkewe, Cheptanui, kwa kumwekea mkononi kama mtu anayeweka yai.

Siku ya mkutano Kimeli hakukaa. Alisimama mlangoni pa ghala akawaonyesha. Januari magunia yale yalisimama wima kama askari wa gwaride. Sasa ilikuwa Mei, na mengine yameinamisha mabega kama walevi wanaosubiri baa ifunguliwe. Sumu walishaipiga marufuku tangu mbwa wa Jebet alipokufa. Mitego panya waliigeuza bembea.

"Simlaumu mtu," alisema. "Lakini mwenye ufunguo ni mimi. Mahindi yakipungua, jina linalopungua ni langu."

Kimaiyo alichungulia kikombe chake cha chai kana kwamba chini yake kuna maandishi. Jebet akasema panya ni wengi mwaka huu. Edinah akasema ni wengi sana, tena wanene. Ephantus, ambaye kwa kawaida hubisha hata mvua ikimnyeshea kichwani, akasema kweli kabisa.

Hapo Kimeli akawatolea habari ya bunduki ya upepo. Enzi za Olkaria, alisema, alikuwa nayo moja ya kazini, na alikuwa akimpiga nyigu aliyetua juu ya kofia ya meneja. Kofia isijue, meneja asijue, nyigu mwenyewe ajue akiwa amechelewa. Hadithi hiyo walikuwa wameisikia mara nyingi, na kila mara meneja alisimama mbali zaidi. Siku hiyo hawakucheka.

"Mnunulieni," alisema Cheptanui, akipitisha birika. "Macho yake bado ni mazuri."

Miaka thelathini na minne ya ndoa, na haikuwahi kutokea Cheptanui amuunge mkono kwenye hadithi zake mbele za watu. Kimeli akanywa chai ikamwunguza, akaimeza hivyo hivyo. Kikundi kikachanga elfu ishirini na mbili papo hapo, bila ubishi wa hata shilingi moja, jambo ambalo lilipaswa kumtia shaka kuliko panya wote wa msitu wa Mau. Halikumtia.

*

Ukitoka Molo kwenda Nakuru kuna njia mbili, na ile ya barabara kuu inapitia Salgaa. Kimeli alipitia Elburgon na Njoro. Salgaa hakuwa amekanyaga kwa miaka mitatu, na gari likipita huko alikuwa tayari kushuka na kungoja lingine.

Huko ndiko alikoishi binti yake Jepkemei. Aliacha chuo cha ualimu amebakiza mwaka mmoja, akaenda kukaa na Dalmas, fundi wa magurudumu ya malori. Watu walisema Kimeli alikasirika kwa sababu Dalmas ni mtu wa ziwani, wa kabila lingine. Mwenyewe alisema ni karo, kwamba pensheni yote iliingia kwenye chuo kile ikatoka kwenye gereji. Aliapa mbele ya mkewe na mbele ya ng'ombe waliokuwa wakikamuliwa kwamba punje ya mahindi yake haitafika Salgaa yeye akiwa hai. Tangu siku hiyo hakumwita mkewe Mama Jepkemei. Alimwita "wewe," na akiwa na furaha, "mama."

Duka lilikuwa nyuma ya soko, likiuza ndoana, mahema na makoti ya mvua. Bunduki zilikaa kwenye kabati la kioo lenye kufuli mbili. Muuzaji alikuwa msichana aitwaye Abby, mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau, ambaye hakuonekana kushangazwa na kitu chochote.

"Unataka kupiga nini, mzee?"

"Panya."

"Panya peke yake?"

"Kukiwa na kingine nitakuja kukuambia."

Abby akamlazia bunduki tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa na mtungi wa hewa, unajazwa kwa pampu, na ikilia, alisema, hata mtoto aliyelala haamki. Kimeli aliuliza bei, kisha akairudisha kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto mchanga wa watu. Ya pili ilikuwa ya mbao nzuri, nzito, risasi zake kubwa. Hiyo aliipenda. Aliishika, akajiona.

"Hiyo inaangusha sungura," alisema Abby. "Panya itampitia, ipitie na bati lako. Si ulisema ghala ni ya mabati?"

Ya tatu ilikuwa na kitako cha plastiki, risasi zake ndogo kama kichwa cha njiti. Unaivunja shingo, springi inajikaza, unatia risasi moja, unapiga, unavunja tena. Haitaki pampu, haitaki mtungi, na kopo la risasi mia tano ni bei ya kuku mdogo. Kwa panya, ndani ya ghala, hatua kumi na tano, alisema Abby, huhitaji zaidi ya hapo, na anayekuambia unahitaji anataka pesa yako.

Kimeli aliivunja shingo. Haikuvunjika. Akaipeleka gotini, akashusha pumzi, akajaribu tena, na kijana aliyekuwa akinunua hema akageuza uso kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyouma. Abby akaichukua, akaikunja kwa mkono mmoja bila kuharibu kucha hata moja.

"Ni mazoea tu, mzee."

Ilikuwa elfu ishirini na moja na kopo lake. Kazi ilikuwa imekwisha hapo, lakini Kimeli alitaka na darubini ya kulengea. Abby alimwambia kwa umbali huo macho yanatosha. Kimeli hakuweza kumwambia kwamba macho yale yaliyosifiwa mbele ya kikundi yalikuwa yameanza, tangu mwaka jana, kuona kila kitu kimeandamana na ndugu yake. Akatoa elfu tatu mfukoni mwake, pesa ya gambuti mpya, viatu vyake vya matope, akalipia darubini, na akaapa moyoni kwamba hakuna atakayejua.

Bunduki hakuondoka nayo. Ilibidi kwanza kibali cha polisi, na kibali kilimchukua wiki tano, picha nne na barua mbili. Afisa aliyesoma fomu yake alimwuliza, bila kutabasamu, kama hao panya nao wana silaha. Wiki zote hizo magunia yaliendelea kuinama. Kila Jumapili baada ya kanisa Kimeli alimwomba Jebet msamaha kwa niaba ya panya, na Jebet alimshika mkono akamwambia asijisumbue, kwa sauti ya upole mno. Kimeli alidhani ni upole wa mtu anayemwamini.

*

Risasi ya kwanza ilitoboa paa. Panya aliyelengwa hakukimbia; aliinua kichwa kutazama shimo, kama mpangaji anayekagua nyumba. Jioni hiyo hiyo mvua ikanyesha, na tone la kwanza kupita pale likamwangukia Kimeli shingoni.

Lakini risasi ya nne ilimpata mmoja. Kwenye simulizi la Kimeli wakati wa chakula panya huyo alikuwa na ukubwa wa sungura, na kufikia asubuhi alikuwa ameota ndevu. Kimeli alilala kifudifudi juu ya magunia yake mwenyewe, asubuhi baada ya kukamua na alasiri kabla ya kukamua, jicho moja kwenye darubini, na kwa siku kumi akapata panya tisa. Mikia yao aliifunga pamoja kwa uzi ili kikundi kihesabu. Cheptanui alimletea chai humo ghalani. Alimsifu kwa kila mkia. Kimeli akaanza kumwita "mama" kila siku, na mara moja, akipokea kikombe, nusura amwite lile jina la zamani.

Jumatano panya wa kumi alitokea juu ya gunia la Edinah, akakaa kwenye mdomo wa gunia akijisafisha masharubu. Kimeli akamweka katikati ya msalaba wa darubini. Panya akaondoka. Darubini ikabaki pale pale, imetazama mshono.

Katika ghala lile hakuna aliyeandika jina kwenye gunia. Rangi hufutika, na magunia yote ni ndugu. Kila nyumba ilishona mdomo wa gunia kwa namna yake, na mshono ndio uliokuwa jina, sahihi na kufuli. Kimaiyo alishona kwa hatua ndefu kama mtu anayeruka matope. Jebet alipitisha uzi mara mbili. Edinah alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na mishono yake yote ililala kushoto kama nyasi zilizopigwa na upepo. Cheptanui naye alimaliza kwa fundo lililosokotwa mara tatu kisha likafichwa ndani ya gunia, fundo alilofundishwa na mama yake Kimeli wiki aliyoolewa. Mama huyo alikuwa amekwisha kufa. Dunia nzima ilibaki na mkono mmoja tu unaofunga fundo lile.

Kwenye darubini, mshono wa Edinah ulilala kulia.

Kimeli alidhani ni kioo kinachogeuza mambo. Akakifuta kwa shati, akatazama tena. Kisha akashuka, akaenda hadi kwenye gunia, akaingiza kidole chini ya mdomo wake. Fundo lilikuwa pale. Alilihesabu kwa ncha ya kidole: moja, mbili, tatu. Akaenda kwenye la Jebet. Akaenda kwenye la Kimaiyo. Alizunguka ghala zima akitia kidole kwenye midomo ya magunia kama daktari wa meno, na alipomaliza alikuwa amepata magunia kumi na moja ya wenzake yenye fundo la Cheptanui. Yake mwenyewe, ambayo aliyahesabu na kuyaminya kila Jumapili, hayakuwa yameguswa hata moja.

Alikaa chini. Sumu, mitego, paka watatu, kibali, gambuti. Panya hula, hutoboa, hukojoa, huzaa. Panya hashoni gunia. Akaitazama ile mikia tisa iliyofungwa uzi na kwa mara ya kwanza akaona haya mbele yake, kama mtu aliyewafunga watu wasio na kesi.

*

Cheptanui alikuwa jikoni anamenya viazi. Kimeli aliweka mezani fundo alilolikata kwa kisu.

"Hii ni nini?"

Alilitazama. "Fundo."

"La nani?"

"La mama yako."

Aliendelea kumenya. Kimeli aliuliza mahindi yameenda wapi, naye akasema Kimeli mwenyewe anajua yameenda wapi. Kisha, kwa sauti ile ile ya kuhesabu viazi, akamweleza. Februari jeki iliteleza, lori likamshukia Dalmas nyongani. Hasimami. Jepkemei anachemsha mahindi anauzia madereva wanaolala pale, na yasiyouzika ndiyo wanayokula. Jina hilo halikuwa limetajwa jikoni humo kwa miaka mitatu, na lilipotajwa hata moto ulionekana kugeuka kusikiliza.

"Kwa hivyo ukaniibia."

"Yako hayajaguswa. Yako unayahesabu."

"Ukachukua ya wenzangu, na mwenye ufunguo ni mimi."

Ganda la kiazi lilishuka refu, bila kukatika. Hakukubali, hakukana.

"Ukasema waninunulie bunduki," alisema Kimeli. "Umenikalisha kule kama mjinga, nalenga panya, na wewe unaniletea chai."

"Ulikuwa unaitaka sana."

"Ulisema macho yangu ni mazuri."

Hapo kisu kikasimama. "Hiyo nilikosea," alisema Cheptanui. "Hiyo unisamehe."

Kimeli hakumsamehe. Aliuliza kikundi kikija Jumamosi kuona kazi ya bunduki atawaambia nini. Cheptanui akaosha kiazi, akakikata mara mbili, akakitia sufuriani.

"Sema unachotaka, Baba Jepkemei. Mimi nitakuwa hapo nasikiliza."

Siku mbili Kimeli alilala na jambo hilo na kuamka nalo. Angeweza kusema ni panya. Mikia alikuwa nayo, na nani atakayebishana na mikia? Angeweza kujaza yale magunia kutoka kwenye yake, kimya kimya, mshono juu ya mshono. Lakini kufanya hivyo kungekuwa sawa na kupeleka mahindi yake Salgaa kwa mlango wa nyuma. Na kusema ni panya kungekuwa uongo. Kuhusu nyigu alikuwa amedanganya maisha yake yote, alijiambia, lakini kuhusu ufunguo hajawahi. Hivyo ndivyo alivyolivisha jambo lake shati safi. Chini ya shati kulikuwa na kitu kingine: alitaka Cheptanui naye atazamwe na watu, japo kwa dakika moja, kama yeye alivyotazamwa na yule kijana wa hema.

*

Jumamosi walikuja wote, wakaketi ndani ya ghala kwenye magunia yaliyolazwa. Cheptanui aliwamiminia chai kwa zamu, mumewe wa mwisho. Kimeli akaweka bunduki mbele yao, na mikia tisa kando yake. Kimaiyo akaihesabu kwa sauti, akasema mzee amefanya kazi ya maana, na kwamba labda ile hadithi ya nyigu si uongo wote.

"Panya tisa hawawezi kumaliza hata debe," alisema Kimeli. Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyoipanga. "Bunduki hii haikuwa na kazi. Mahindi yenu yalifunguliwa na kushonwa upya, magunia kumi na moja. Aliyeshona ni mke wangu. Alikuwa anayapeleka Salgaa. Mimi sikujua. Nataka muandike kwamba mimi sikujua."

Alingoja ngurumo. Alikuwa amejiandaa kwa ngurumo, hata maneno ya kumtetea mkewe kidogo, baada ya ngurumo, alikuwa nayo tayari.

Kimaiyo akachungulia kikombe chake. Ephantus akakuna goti. Mwanga ulioingia kwa lile shimo la risasi ulikuwa umetua juu ya mkia mmoja, na wote wakawa wanautazama huo.

"Keti kwanza, mzee," alisema Edinah.

Hakuketi.

"Mimi sijaibiwa," Edinah akasema. "Nilimwambia Mama Jepkemei afungue la kwangu siku yoyote anayotaka. Alhamisi mimi niko sokoni, nikamwambia ashone mwenyewe. Sikufikiria kuna mtu angeangalia imelala upande gani."

"La kwangu pia nilimpa," alisema Jebet.

Kimeli akamgeukia mwenyekiti. Kimaiyo akaweka kikombe chini, polepole, akitafuta mahali palipo sawa.

"Mimi ndiye nilikuwa nabeba, mzee. Kwa pikipiki. Mara tano."

"Mlijua niliapa."

"Uliapia mahindi yako," alisema Ephantus. Mara hii alibisha, lakini bila furaha. "Yetu hayakuapa."

Kimeli alitazama sura moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemcheka. Laiti wangecheka. Wote walikuwa wamevaa ule upole wa Jebet wa kila Jumapili, na sasa akaujua ulikuwa upole gani: ni ule wa watu waliokaa wodini wakijua jibu la daktari, wakingoja mgonjwa aambiwe.

"Na bunduki?" aliuliza. "Mlichanga pesa zenu. Elfu ishirini na mbili. Mkaniacha nikaenda Nakuru."

Walitazamana ni nani aseme. Ilimwangukia Kimaiyo, kwa sababu ya uenyekiti.

"Ulikuwa unauliza kila wiki mahindi yanaenda wapi, na panya kweli walikuwepo." Akajikohoza. "Tukaona ukiwa nayo utapata shughuli."

Shughuli. Kimeli alilisikia neno hilo likiingia na kutafuta mahali pa kulala. Watoto hupewa shughuli wasichezee moto. Wazee wa kanisa, wakianza kusahau, hupewa kengele.

Cheptanui alikuwa bado amesimama na birika. Hakulia, wala hakuonekana mtu aliyeshinda.

"Jikoni siku ile ungeniambia," Kimeli alimwambia. Wote walisikia. "Ungesema tu kwamba walikupa."

"Ningekuambia. Lakini nikataka kuona."

"Kuona nini?"

"Kama utanitaja." Akaanza kukusanya vikombe, kimoja kimoja, akimwaga masalio nje ya mlango. "Nilisema moyoni, atawaambia ni panya. Huyu amezungumzia nyigu miaka thelathini, atashindwa kusema uongo mmoja kwa ajili yangu? Nimekungoja siku mbili, Baba Jepkemei."

Alipofika kwake akanyoosha mkono. Kimeli akampa kikombe. Kilikuwa kimejaa, hakuwa amekionja.

Waliondoka bila kuagana sana. Hakuna aliyedai ufunguo, na hilo nalo aliliona: walimwachia, kwa sababu haukuwahi kufunga kitu. Jebet alibaki nyuma kidogo. Alikuwa mtu wa moyo laini na hakupenda mkutano uishe hivyo.

"Usikasirike sana, mzee," alisema. "Siku ukimwona mtoto utasahau. Masikio amechukua yako yote mawili."

"Mtoto gani?"

Jebet akaziba mdomo. Akageuka kumtafuta Cheptanui, lakini Cheptanui alikuwa amefika mbali na vikombe vyake.

"Wa Jepkemei," alisema chini ya kiganja. "Ana miezi minane. Nilidhani hilo walau ulikuwa umeambiwa."

"Nani amemwona?"

Jebet alitazama magunia, la Kimaiyo, la Edinah, la kwake, moja baada ya jingine, na hilo likawa jibu.

*

Kimeli alibaki ghalani. Kwa kukosa la kufanya na mikono, alivunja shingo ya bunduki. Siku hizo ilikuwa imemzoea, ilivunjika mara moja. Akatia risasi, akaifunga, akapanda juu ya magunia yake na kulala kifudifudi mahali pake, pale ambapo tumbo lake lilikuwa limeacha shimo.

Ng'ombe walianza kulia kule zizini, saa yao ya kukamuliwa imefika. Akasikia mlio wa ndoo. Mtu alikuwa ameenda kukamua bila kumwita.

Kwenye gunia la Edinah yule panya wa kumi alitokea tena. Akakaa pale pale juu ya mshono uliolala vibaya, punje moja mikononi, akiigeuza na kuitafuna kama mtu mwenye jioni yote. Alikuwa mdogo, mwenye mbavu. Hakuwa na ndevu. Kimeli akamweka katikati ya msalaba, na kwa sababu ya darubini ile ya elfu tatu alimwona vizuri kuliko alivyowahi kumwona yeyote kwa muda mrefu: masharubu, sikio lililochanika, jicho jeusi linalong'aa.

Panya akaacha kutafuna. Akainua kichwa, akamtazama.

Kimeli akatoa kidole kwenye kifyatulio.

"Na wewe," alimwuliza, "ulikuwa unajua?"